Kwa Neema: unafungwa kabla ya vita

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza mbona Age of Empires II, ule mchezo wa vita wa kompyuta, inakushinda, wakati wanajeshi unawapanga vizuri na hata kukwepa mishale umeanza kuweza, lakini kila mara adui anatokea na jeshi mara mbili ya lako. Hiyo mishale iache kwanza.

Hufungwi vitani, mama. Unafungwa dakika kumi za mwanzo, jengo kuu la kijiji likiwa limekaa bure. Mwanakijiji anagharimu chakula 50 na hutoka baada ya sekunde 25. Ukisahau kumwagiza kwa dakika mbili, umekosa karibu watu watano, ambao wangekukatia miti na kukulimia mpaka mechi iishe. Na dakika hizo mbili ulikuwa unamtazama yule mpanda farasi wako akizunguka ramani. Namjua, ana mvuto wake.

Kwa hiyo zoeza vidole kwenye kibodi: H, halafu Q. H inakuchagulia jengo kuu popote ulipo kwenye ramani, Q inaagiza mtu. Fanya hivyo hata katikati ya mapigano. Nyumba nazo usizicheleweshe. Moja ni mbao 25 na inabeba watu 5 tu. Zikijaa, uzalishaji unasimama na wewe wala huna habari.

Wanakijiji sita wa kwanza waweke kwenye kondoo, wanne wanaofuata kwenye miti. Kisha nguruwe pori. Ana chakula 340 na kondoo ana 100, ndiyo maana watu wanajihatarisha kwake. Mmoja ampige mara mbili, ageuke akimbilie jengo kuu, wenzake wamalizie pale. Nguruwe akimkaribia mno, mwingize ndani ya jengo. Mchezaji mgeni asiyepoteza mtu hapa sijamwona bado, basi rudiarudia ukiwa peke yako na kompyuta. Mchezo wenyewe una mazoezi yanayoitwa Art of War yenye medali. Lile la uchumi wa mwanzo usiliache mpaka upate dhahabu.

Taifa chagua moja tu. Mimi ningekupa Franks: wapanda farasi wao wana uhai zaidi kwa asilimia 20, na maboresho ya mashamba wanapata bure. Hao wanaobadilisha taifa kila mechi, na mpangilio mpya kila video wanayoitazama, waache.

Ukiona una dhahabu 900 imelala, hiyo si akiba. Ongeza zizi la farasi, ongeza jengo kuu la pili ukifika zama za ngome, hatua ya tatu ya mchezo. Adui akija na farasi, toa wenye mikuki. Akija na wapiga mishale, toa warusha mikuki. Wote hao hawahitaji dhahabu hata kidogo.

Kuhusu alama zako za kiwango kushuka, kila mgeni anaanzishwa na 1000, ambazo ni kiwango cha watu waliokwisha kuzoea. Zitashuka mpaka ukutane na wa rika lako, ndipo uanze kushinda.

Nitumie rekodi ya mechi ya jana. Vita sitaviangalia, nitahesabu wanakijiji wako dakika ya kumi.

Baba