Wadogo zangu wa Helios, hebu kaeni kwanza

Jumamosi iliyopita nilialikwa sendofu Sinza, na kwa mara moja nilikwenda kula, si kupiga picha. Nikajikalia meza ya nyuma na pilau yangu. Mbele nikawaona vijana watatu, kila mmoja na Helios yake, ile lenzi ya zamani ya Kisovieti, kaifunga kwenye kamera ya kisasa kwa adapta, wanaizunguka meza kuu kama nyuki. Mmoja alinifahamu, akaja kunionyesha kazi. Hereni ya bibi harusi mtarajiwa imekaa kali mpaka unahesabu shanga zake. Jicho limo ukunguni. Picha ya pili, hereni. Ya tatu, bega la mama mdogo. Nikamuuliza kulikoni, akanijibu kwa imani kabisa: "Dada, ndiyo mtindo wa lenzi za zamani."

Mtindo! Pilau ilinishinda. Si kwa sababu ya utoto wake, bali kwa sababu jibu hilohilo niliwahi kulitoa mimi, neno kwa neno, mbele ya mtu aliyekuwa amenilipa. Nitafika huko kwenye namba 4. Nawapenda, lakini mnanichosha, kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja ili mkiniuliza tena niwatumie hii.

1. Kamera imegoma kufyatua? Ingia kwenye menyu, iruhusu ipige bila lenzi, maana kwa akili yake hapo mbele hapajafungwa kitu.

2. Adapta. M42, yaani mdomo wa skrubu wa lenzi hizi za zamani, inataka milimita 45.46 kutoka kwenye kalio la lenzi hadi kwenye sensa. Sony E, mdomo wa kamera za Sony zisizo na kioo ndani, inatoa 18 tu, kwa hiyo adapta inatakiwa ijaze 27.46 zilizobaki. Za bei ya kutupa nyingi hukatwa fupi kidogo, ili lenzi isikwame kabla ya kufika kwenye ile nane iliyolala (∞), alama ya mbali kabisa. Ukizungusha mpaka mwisho ukiamini umefika mbali, umeshapitiliza. Kuna kijana alirudi Arusha na Mlima Meru wote umevimba kama umetiwa hamira, anailaumu Helios ya watu. Kwa vitu vya mbali, zungusha mpaka mwisho, kisha rudi nyuma unywele mmoja huku ukiangalia kwa jicho.

Wenye Nikon za kioo ndani, zile DSLR, poleni. Bodi yenu, yaani kamera bila lenzi, imeshakula milimita 46.5, kwa hiyo M42 bila kile kilenzi cha ndani ya adapta haifiki mbali, na kilenzi chenyewe huwa kinaharibu zaidi ya kinavyosaidia. Na lenzi za Nikon za kabla ya 1977 msizilazimishe kwenye bodi za baadaye. Pembeni ya mdomo wa bodi kuna kikono kidogo, kikivunjika mtanikumbuka.

3. Apecha, yaani tundu la lenzi; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Hapa ndipo penye hereni. Ukisimama mita 1 na Helios 58mm kwenye fulu fremu (sensa yenye ukubwa wa filamu ya 35mm), ukaiacha f/2, eneo lililo kali halifiki sentimita 4. Toka mboni ya jicho mpaka tundu la sikio la mtu ni mara mbili ya hapo na zaidi. Akipumua umemkosa. Ukipumua wewe, umemkosa. Sasa bibi harusi anaingia kwa kucheza, mpambe anampepea, wewe uko f/2 unatafuta nini? Nenda f/4 ule mkate wako kwa amani.

Na msiiamini sana pikingi, ile alama ya kamera ya kuonyesha palipo pakali. Ile rangi nyekundu haijui jicho ni nini, inasifia kila ukingo wenye mng'ao, ndiyo maana imewapenda hereni. Kuza picha juu ya jicho, fokasi, ndipo upige.

Kwenye Helios 44-2 kuna pete mbili: moja ya kupanga namba, nyingine ya kufungua na kufunga. Fungua, fokasi, funga, piga. Mwenye 44M, sukuma kile kiswichi kiwe M, la sivyo unazungusha namba na tundu halitikisiki.

Ule ukungu wa majani unaozunguka kama kimbunga nyuma ya mtu, unautaka? Mtoe nje, msimamishe mita mbili hivi kutoka kwako, mwarobaini uwe mbali nyuma yake, jua likipenya kwenye majani. Ukumbi wa Sinza una mapazia ya satini. Satini haizunguki.

4. SteadyShot, ile ya Sony ya kusogeza sensa ili kutuliza mtikisiko wa mkono. Vuteni viti.

Mwaka 2017, siku mbili kabla ya Idd, nilikuwa Tanga. Familia moja ya Ngamiani iliniita nipige picha za bibi yao pamoja na wanawe, wajukuu na vitukuu, vizazi vinne chini ya paa moja. Wengine walikuwa wametoka Maskati, hawajaonana na wenzao miaka. Aliyenitafuta ni mjukuu mkubwa wa kike, ndiye aliyechanga nauli za watu, akapanga magodoro, akalisha mji mzima. Bibi hakupenda taa kali, ndiyo maana walinitaka mimi na vioo vyangu vya zamani, nipige kwa mwanga wa dirisha tu.

Jana yake, kwa kujifurahisha, nilikuwa Raskazone, hukohuko Tanga, napiga ngalawa kwa Takumar ya 200mm, lenzi nyingine ya zamani. Lenzi hizi hazina umeme, haziongei na kamera, kwa hiyo kwenye kamera ya Sony A7 II unaiambia mwenyewe urefu wa lenzi: leo nina 200. Nikaiambia. Ngalawa zikatoka kali, kamba moja moja. Nikalala na furaha.

Kesho yake saa kumi na moja jioni nikafunga Helios. Bibi kakaa kitini karibu na dirisha, kajitanda kanga mpya, miguuni kwake wamejaa watoto. Nikapanga f/2.8, ISO 800, shata 1/60. Nikaweka jicho. Nikagusa kitufe nusu, nikaona picha kama inaogelea. Bibi anayumba, dirisha linayumba, ukuta unayumba. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni saumu. Mchana kutwa jua la Tanga, koo limekauka, nikajiambia kichwa kinazunguka, nikifuturu kitatulia. Nikapiga picha 214.

Kamera bado ilikuwa inaamini ina 200. Mkono wangu ukitikisika kidogo, inahamisha sensa kurekebisha kwa kipimo cha 200, wakati iliyofungwa ni 58. Inarekebisha mara tatu na nusu ya inavyotakiwa. Yaani badala ya kunituliza, ilichukua tetemeko langu dogo ikaligeuza kuwa kubwa la upande wa pili. Laiti ningeizima kabisa, nusu ya zile picha zingepona.

Nilizitazama pale pale nyuma ya kamera, ndogo ndogo, zote zinang'aa. Sikukuza hata moja. Adhana ikalia, tukafuturu tende, uji na mihogo ya nazi, nikasifiwa, nikasifika.

Nilizifungua kwenye kompyuta Dar es Salaam, wageni wa Maskati wakiwa wamesharudi. Kila jicho lina kivuli chake. Kila mkunjo una pacha. Ya kwanza, ya kumi, ya hamsini. Nikaenda kunawa uso, nikarudi, nikaendelea kufungua mpaka ya 214, kana kwamba kuna moja ingenionea huruma.

Kisha nikafanya kosa baya kuliko la kamera. Nilichagua thelathini zilizokuwa na nafuu, nikazitia weusi na weupe, nikaongeza chembechembe, nikazituma. Yule mjukuu akaniuliza kwa adabu mbona zimekuwa hivi. Nikamwandikia: ndiyo mtindo wa lenzi za zamani.

Alikaa kimya siku mbili. Halafu akajibu: "Sawa, dada." Heri angenitukana. Wiki iliyofuata nilimpigia nikasema ukweli wote, Raskazone, ngalawa, 200, na pesa nikarudisha. Alisikiliza, akasema alijua si mtindo, ila hakutaka kunivunjia heshima. Bibi mwenyewe, naambiwa, alizishika zile picha akasema, "Mnamsema bure mtoto wa watu, mbona humu nimekuwa msichana?"

Mwaka uliofuata nilipita Ngamiani kusalimia. Ukutani sebuleni pana picha moja kubwa ya siku ile, yenye fremu ya dhahabu. Ilipigwa na kitukuu cha miaka kumi na mmoja, kwa simu ya mama yake. Bibi anacheka, kila mtu kafumbua macho. Kona ya chini, upande wa kulia, kuna kiwiko changu na mdomo wa Helios.

Basi: ukibadili lenzi, badili namba. Kama 58 haimo kwenye orodha ya kamera yako, chagua iliyo karibu nayo zaidi.

5. Njano ya Takumar. Ile 50mm f/1.4 nyingi zina kioo kilichotiwa thoriamu, na mionzi yake yenyewe ndiyo inayokigeuza kioo rangi ya chai ya rangi baada ya miaka. Usiisugue, si uchafu. Iache juani siku kadhaa, itasafika. Ila tandika karatasi ya foili chini yake! Mimi niliiacha dirishani, ikalikusanya jua la saa sita kama tulivyokuwa tukichoma karatasi shuleni, ikatoboa kanga ya mama iliyokuwa imekunjwa hapo chini. Jina la kanga lilikuwa "Mwenye wivu ajinyonge". Tundu limekula neno la katikati lote. Mama anaivaa hadi leo, na kila nikienda anahakikisha nimeisoma.

6. Fangasi. Ule mkoba wa ngozi uliokuja na lenzi ni mzuri, upige picha kisha uutupe. Kwa joto na unyevu wa pwani ni shamba la kuvu. Lenzi ikae kwenye ndoo yenye mfuniko na silika jeli, na yenye utando kama wa buibui ndani isilale na wenzake.

Lenzi yangu ya kwanza niliikuta kwenye mkoba kama huo, kwa mjomba. Alisoma Urusi enzi za Muungano wa Kisovieti, akarudi na shahada, koti zito ambalo hakulivaa tena, na kamera ya Zenit-E yenye nembo ya Olimpiki ya Moscow. Kila akiishika lazima akumbushe kuwa 1980 ndio mwaka ambao wanariadha wetu Bayi na Nyambui walileta medali mbili za fedha. Namba ya kiwandani ya Helios yake inaanza na 79, na tarakimu mbili za mwanzo huwa ndio mwaka iliotengenezwa. Imekaa kwenye mkoba wa ngozi miaka thelathini bila doa la fangasi. Msiniulize kwa nini, mjomba anasema ni ya Kirusi.

7. Wekeni daftari. Kamera haiandiki apecha wala jina la lenzi, na mwezi ukipita hutakumbuka ipi ilikuwa f/2 na ipi f/4. Langu nimelianza tangu 2015. Ukurasa wa Tanga bado upo, kwa mwandiko wangu mzuri: Helios, f/2.8, 1/60, ISO 800, mwanga wa dirisha, safi sana. Ukurasa wa kabla yake, wa ngalawa, umeandikwa 200 kwa wino mwekundu, na nimeizungushia duara nisije nikasahau.