Kabla hujanunua draiva yenye enkoda, pima kwanza mota inapoteza nini

Kila muhula karakana yetu hapa Kisumu hupokea vijana wawili au watatu wa atachimenti, na wiki haiishi kabla mmoja hajaniuliza swali lile lile: mtu akijijengea ruta ya CNC, yaani mashine ya kuchonga milango inayoongozwa na kompyuta, anunue draiva (vifaa vinavyolisha mota umeme) za openi lupu au za klozi lupu? Wengi huwa wameshaambiwa na wauzaji kwamba za pili ndizo bora, wanataka tu niitikie. Mimi siitikii upesi, kwa sababu nililipia jibu hilo kwa mbao za watu.

Mota ya stepa ya kawaida huzunguka kwa hatua 200, kila hatua nyuzi 1.8. Draiva ya openi lupu hupokea mapigo ya umeme kutoka kwa kidhibiti, husukuma mkondo kwenye koili za mota, na kazi yake inaishia hapo. Mota ikikwama, draiva haina habari, na kidhibiti kinaendelea kuhesabu kana kwamba yote ni shwari. Klozi lupu ina enkoda, kihisi kinachosoma mota imezunguka kiasi gani, iliyofungwa nyuma ya mota, mara nyingi ya mistari 1000, ambayo draiva huisoma kama nafasi 4000 kwa mzunguko. Mota ikianza kubaki nyuma, draiva huongeza mkondo. Ikibaki nyuma kupita kiwango ulichokiweka, draiva huikata na kutoa alamu.

Shikeni hili kabla ya lingine lolote: enkoda haiipi mota nguvu ambayo haikuzaliwa nayo.

Nilipokuwa mwaka wa pili kazini, tulichonga milango ya mvule ya mteja wa Bungoma. Baada ya dakika arobaini hivi, maua yote upande mmoja yalikuwa yamehama. Nililaumu stima, nikalaumu nyaya, nikabadilisha programu. Muuzaji mmoja akaniambia dawa ni klozi lupu, na nilikuwa karibu kukopa pesa ninunue seti nzima. Fundi mkubwa wa karakana akanizuia, akanipa kalipa, akasema, "Pima kwanza."

Pengo la maua kuhama lilikuwa milimita 2.4. Skrubu yetu husogeza meza milimita 5 kwa mzunguko. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye faida kubwa kwa anayeanza. Stepa ikishindwa na mzigo haipotezi kiasi chochote tu. Rota, sehemu ya mota inayozunguka, huteleza na kunasa tena kwenye mzunguko mwingine wa sumaku, na kila mtelezo ni hatua nne kamili, yaani nyuzi 7.2. Kwa skrubu ya milimita 5, hiyo ni milimita 0.1. Kwa hiyo pengo linalogawanyika vizuri kwa 0.1, halafu likabaki hivyo hivyo hadi mwisho wa kazi, linakuambia mota imeteleza. Pengo linalojitokeza kila meza inapogeuza mwelekeo linakuelekeza kwenye nati iliyolegea, na linaloendelea kukua kidogo kidogo linakuelekeza kwenye kapulingi, kiungio cha mota na skrubu. Kalipa peke yake haitoshi kuhukumu, kwa hiyo tulitumia na saa ya kupimia, ile yenye sindano inayoonyesha msogeo mdogo: tuliigusisha kwenye meza, tukaipeleka meza na kuirudisha mara hamsini bila kukata chochote, tukaigusisha tena. Kwa mwendo wa taratibu sindano ilirudi pale pale. Tulipopandisha kasi, ikakosa.

Ugonjwa ukawa umejitaja. Tulikuwa tunalisha draiva volti 24, na tumeweka akselaresheni, yaani upesi wa kuongeza mwendo, kubwa kupita kiasi. Stepa ina nguvu nyingi ikienda polepole, lakini kadiri inavyokimbia, koili hazipati muda wa kujaa mkondo, na nguvu inashuka. Volteji ikipanda, mkondo huingia upesi. Draiva zetu zilikubali hadi volti 50, tukaweka pawa saplai ya volti 36. Hatukufika ukingoni kwa sababu mota inapofunga breki hurudisha umeme kwenye draiva, na lazima ubakishe nafasi. Akselaresheni tukaishusha nusu ya pale ilipoanza kukosa. Draiva zile zile za openi lupu zimechonga milango miaka mingi baadaye.

Je, klozi lupu haina maana? Ina maana sana, na nyingine tunazo. Mota zake hukaa baridi zaidi kwa sababu mkondo hufuata mzigo, ilhali openi lupu hupitisha mkondo karibu wote hata mota ikifanya kazi nyepesi. Katika joto la Kisumu unalihisi hilo ukigusa mota saa nane mchana. Tena hukuruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya mota, kwa kuwa huhitaji kuacha akiba kubwa kwa hofu ya mtelezo usioonekana. Kwa mbao zenye vifundo, ambapo mzigo hubadilika ghafla, au kwa kipande kimoja ambacho mbao yake pekee ni ghali kuliko draiva, mimi nanunua klozi lupu bila kubishana.

Lakini tulipoziweka tulikuta mengine. Enkoda hukaa kwenye shafti ya mota, haikai kwenye meza. Siku moja skrubu ndogo ya kukazia kapulingi ililegea, mota ikazunguka sawasawa kabisa, enkoda ikaridhika, na kazi ikaharibika bila alamu hata moja. Tena msidhani enkoda itawaokoa stima ikipotea. Hizi za kawaida huhesabu tu kuanzia pale zilipowashwa. Stima ikirudi, mashine lazima irudishwe kwenye swichi za kikomo ijue ilipo, sawa na ile ya openi lupu. Nyaya za enkoda nazo huchukia kelele za umeme za inveta ya spindo, ile mota inayozungusha kisu: tumieni kebo yenye ngao, ngao iunganishwe ardhini upande mmoja, na ipite mbali na kebo ya spindo. Na kwa aina yoyote, msichomoe waya wa mota draiva ikiwa imewashwa. Nimeona draiva ikifa hivyo.

Kwa mashine ya kwanza ya kijana anayeanza, mbao laini na akriliki, ningechukua openi lupu nzuri, na pesa inayobaki ningeitia kwenye skrubu na reli, kwa sababu hizo ndizo enkoda haiwezi kuzirekebisha. Mkishindwa kuamua, wekeni klozi lupu kwenye mhimili mmoja (mwelekeo mmoja wa mwendo wa mashine) wenye mzigo mzito, muone.

Siku hiyo mkiiweka, waya wa alamu uunganisheni hadi kwenye kidhibiti kabla ya kukata mbao yoyote. Bila waya huo, mhimili mmoja unasimama na mingine inaendelea kuchonga. Na kama ni mhimili wa wima, kumbukeni kwamba draiva ikitoa alamu hukata mkondo, mota inakuwa haina mshiko, na spindo nzito inaweza kushuka yenyewe hadi kwenye kazi au kwenye mkono wa mtu. Hapo tumieni mota yenye breki.