Dari la sebuleni linadondosha chini ya bafu la juu: tuvunje tailizi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nyumba yetu ni ya ghorofa moja, ipo Tabata, na huu ni mwaka wa tano tangu tuhamie. Chini ya bafu la juu ni sebule yenye dari la jipsamu, na hapo pametokea doa la kahawia linalozidi kutanuka. Asubuhi watoto wakishaoga na kwenda shule, haichukui saa nzima linaanza kudondosha. Ikifika mchana linatulia. Mwezi uliopita tulikwenda kijijini wiki mbili, maji hatukufunga, na tuliporudi tulikuta pamekauka kabisa. Fundi mmoja anataka kuvunja tailizi za bafu zima. Mwingine anasema apake rangi ya mafuta juu ya doa yaishe. Mume wangu anaelekea kumkubali wa kwanza. Tushauri, kaka.

JIBU: Dada yangu, fundi wa nyundo asubiri kwanza, na huyo wa rangi msimrudie. Rangi ya mafuta inaficha doa tu. Maji yataendelea kukaa juu ya dari na kulowesha zege mpaka nondo zishike kutu. Nondo ikipata kutu huvimba, na ikivimba huibandua lipu na vipande vya zege. Hapo gharama si ya fundi bomba tena.

Jibu la nusu ya swali lako umelitoa mwenyewe uliposema pamekauka mkiwa safarini na maji hayakufungwa. Maji ya tenki yamo ndani ya bomba muda wote, yanasukuma usiku na mchana hata nyumba ikiwa haina mtu. Kingekuwa ni kiungo cha bomba la PPR, yale ya plastiki ya maji safi, kinachovuja, kingedondosha wiki zote mbili. Tone moja tu kwa sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku. Mngerudi mkute jipsamu imeangukia makochi. Kwa hiyo mabomba ya maji safi nayaweka pembeni, isipokuwa kipande kimoja ambacho mafundi wengi hukisahau: bomba fupi linalopanda ndani ya ukuta kutoka koki ya shawa hadi kichwa chake. Lile hupata maji pale tu mnapofungua kuoga. Nalishuku hilo, mabomba ya majitaka, sinki la choo, na sakafu yenyewe.

Kabla ya lolote, zima sakiti ya taa za sebuleni kwenye meni swichi, maana maji hupenda kufuata paipu za nyaya mpaka kwenye taa. Dari likiwa limeshuka kama tumbo, weka ndoo chini na utoboe kwa bisibisi pale lilipoinama zaidi, maji yatoke kwa hiari yako. Kisha fundi jipsamu akate kipande cha mraba, sentimita 40 kwa 40 hivi, kwa msumeno mwembamba. Kipande cha jipsamu kinarudishwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na tailizi za bafu, na nyumba nyingi za kwetu zina mabomba ya majitaka yaliyoning'inizwa chini ya zege, hapo hapo juu ya dari. Mulika kwa tochi. Usitegemee tundu kuwa juu ya doa moja kwa moja, kwani maji hutembea juu ya jipsamu na kudondoka mbali na yalipotokea. Tafuta mstari mweupe wa chokaa kwenye kiungo cha bomba, au pale bomba linapopenya zege. Alama hiyo hubaki hata kukiwa pakavu.

Sasa pima. Bafu lisitumike siku mbili likauke, kisha fanya jaribio moja kwa siku, si yote kwa pamoja. Zege hunywa maji na kuyatoa taratibu. Ukichanganya majaribio hutajua lipi limekujibu. Mtu mmoja akae chini na ngazi na tochi, na kila kiungo kinachoonekana kifungwe karatasi kavu ya chooni. Karatasi inayoanza kulowa ndiyo inayosema.

Siku ya kwanza, ondoa kichujio cha sakafuni na umimine ndoo tatu za lita 20 moja kwa moja kwenye tundu kwa mpira, bila kulowesha tailizi. Karatasi ikilowa, kosa lipo kwenye trapu, yaani kile kikombe chini ya tundu kinachobakiza maji ya kuzuia harufu, au kwenye bomba la majitaka. Siku ya pili, flashi choo mara tano. Sinki la choo likitikisika ukilisukuma kwa goti, lishuku sana: mengi yameunganishwa na bomba la inchi 4 kwa saruji tupu, bila mpira, na saruji hiyo hupasuka kila mtu anapokaa. Siku ya tatu, fungua shawa ukikinga maji yote kwenye ndoo ili sakafu ibaki kavu. Hapo unapima lile bomba la ukutani peke yake.

Yote hayo yakipita bila tone, imebaki sakafu. Ziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, jaza maji kina cha sentimita 2, yasifike kizingiti, weka alama ya penseli ukutani na uache saa 24. Kwa maelezo yako ya watoto kuoga na saa moja baadaye kudondosha, mimi naiweka sakafu au trapu mbele ya vingine, lakini sivunji kwa kuhisi.

Ikiwa ni kiungo cha PVC, yaani bomba la plastiki la majitaka, chini ya zege, kikatwe na kiungwe kipya kwa gundi yake, bomba likiwa limefutwa na kukauka. Asije mtu akapaka silikoni kwa nje. Haishiki kwenye bomba lenye unyevu. Ikiwa ni choo, king'olewe na kirudishwe kwa mpira wa kuungia. Bomba la shawa litahitaji kutoboa ukuta, tailizi mbili tatu tu.

Sakafu ndiyo kazi kubwa, na hapo nitakuwa upande wa mumeo: itabidi tailizi za sakafuni zitoke. Grauti, ile ya kujazia mianya kati ya tailizi, si kizuizi cha maji, hata ikiwa mpya. Kinachozuia ni tabaka la kuzuia maji lililo chini ya tailizi, na mara nyingi ndilo lililorukwa wakati wa kujenga. Lipakwe mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, lipande ukutani walau sentimita 15 na juu zaidi upande wa shawa, lizunguke vizuri mdomo wa trapu. Sakafu iinamie trapu. Kisha, kabla ya tailizi hata moja kurudi, rudieni lile jaribio la saa 24 mbele ya macho yenu na fundi akiwepo. Anayelikataa jaribio hilo msimlipe malipo ya mwisho.

Dari msilizibe mapema. Acheni tundu wazi wiki mbili au zaidi bafu likitumika kama kawaida. Pakikauka, fundi apake praima ya kuzuia madoa kwanza, vinginevyo ukahawia utapenya kwenye rangi mpya. Ukishafanya majaribio, niandikie karatasi ipi imelowa na baada ya dakika ngapi, na unipigie picha ya hilo tundu la dari.