Mtandao wa "papo kwa papo" au wa "wakati halisi"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo hapa Mbeya. Mradi wangu ni programu inayoiga jinsi kompyuta ndogo zilizomo ndani ya lori zinavyopeana zamu ya kutuma jumbe kwenye waya mmoja. Nimeuita "Uigizaji wa mtandao wa papo kwa papo". Msimamizi wangu amekata "papo kwa papo" akaandika "wakati halisi". Mwenzangu naye anasema ujumbe hauna wingi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi. "Papo kwa papo" hutaja upesi: umeomba, umepata. Mtandao wako hauahidi hivyo. "Wakati halisi" hutaja kazi inayofuata saa ya kweli na kukamilika ndani ya muda uliowekwa. Malori mengi yanayopita Uyole kwenda Tunduma hutumia mtandao wa CAN, yaani waya wa pamoja wa kompyuta za gari, uliobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutangazwa mwaka 1986. Wawili wakianza kutuma kwa pamoja, namba za utambulisho za jumbe zao hushindanishwa biti kwa biti, yaani 0 au 1 moja baada ya nyingine. Mwenye namba ndogo anaendelea, mwingine ananyamaza akingoja. Na aliyekwisha kuushika waya hakatizwi, kama lori lililoingia daraja la njia moja: hata gari la wagonjwa litangoja ng'ambo.

Kwa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde, iliyozoeleka kwenye malori, fremu (ujumbe unapotumwa mara moja) yenye baiti 8 za data inaweza kufika biti 160, yaani milisekunde 0.64. Basi hata ujumbe wenye haki ya kutangulia yote unaweza kungoja kiasi hicho. Kungoja si kosa. Kosa ni kupitisha muda uliowekwa. Ujumbe wa joto la injini, kwa mfano, hutumwa kila sekunde 1, na ukichelewa milisekunde 5 hakuna anayeumia. Swali la mradi wako ni kama kila ujumbe unafika kabla ya muda wake kwisha, na "papo kwa papo" linalifuta swali hilo lote.

(Hapo hapo, chunga kitenzi unapoeleza matokeo ya mwigo, yaani programu yako ya kuiga. Andika "mwigo umeonyesha", usiandike "umethibitisha". Mwigo huona yaliyotokea ulipouendesha tu. Hali mbaya kuliko zote hupatikana kwa hesabu.)

"Uigizaji" waachie wasanii. Tendo lako ni uigaji, na kinachopatikana ni mwigo.

Kuhusu jumbe, mwenzako ana historia upande wake. Ujumbe ulitokana na mjumbe kama utoto ulivyotokana na mtoto, na maneno ya namna hiyo kwa kawaida hayahesabiki. Lakini simu za mkononi zimetulazimisha kuhesabu, na watu wameuhamishia ujumbe kwenye ngeli ya U-ZI, pamoja na ufunguo na funguo. Mimi naukubali wingi huo. Jumbe yule wa zamani, mkuu wa kijiji, wingi wake ni majumbe, kwa hiyo hawagongani. Ila tenganisha mambo mawili: aina ya habari iite ujumbe, na kila mara inapotumwa iite fremu. Ujumbe mmoja wa joto la injini huzaa fremu 3,600 kwa saa.

Sasa mtego ambao msimamizi wako hakuutaja. Ukiandika "mwigo wa mtandao wa wakati halisi", ni kipi chenye wakati halisi? Mwigo na mtandao vyote viko ngeli ya U-I, vyote huchukua "wa", na msomaji hana pa kushika. Kwako tofauti hiyo ni kubwa, maana programu ina saa yake yenyewe: inaweza kupitisha shughuli za saa nzima za lori kwa muda mfupi mno. Mwigo hauendi kwa wakati halisi. Mtandao ndio unaokwenda hivyo. Tia mtandao kwenye wingi, "wa" na "ya" zitajitenga zenyewe: "Mwigo wa zamu za jumbe katika mitandao ya wakati halisi ndani ya malori".