Pikapu ikitetema ukikanyaga mafuta: usianze na spana

Vijana mnaoanza ufundi, dereva akileta pikapu na kusema "inatetema nikikanyaga mafuta", acheni kwanza kufungua chochote. Hapa Dodoma nimeona wenye magari wakinunua tairi mpya, wakafanya balansi, wakabadili shokapu, na mtetemo ukabaki palepale. Pesa imekwisha kwa sababu hakuna aliyeuliza mtetemo unafuata nini: mzunguko wa injini, mwendo wa gari, au nguvu inayopita kutoka giaboksi kwenda difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma.

Gari likiwa limesimama, weka nyutro, pandisha injini hadi mzunguko uleule ambao dereva anasikia shida. Likitetema hapohapo, achana na propela, yaani bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Angalia mauntingi (mipira inayoshikilia) za injini na giaboksi, au kama kuna silinda isiyochoma sawasawa. Likitulia, toka nalo barabarani, na dereva mwenyewe awe pembeni yako.

Tafuta kipande kilichonyooka kisicho na msongamano, kwa mfano ukishatoka mjini kuelekea Bahi. Fika kwenye mwendo unaoleta mtetemo, sema kilomita 60 kwa saa, ukiwa gia ya nne, kisha rudia mwendo uleule kwa gia ya tatu. Injini imebadili mzunguko lakini propela na matairi vinazunguka vilevile. Mtetemo usipobadilika, chanzo kiko nyuma ya giaboksi. Sasa, bila kupunguza mwendo, ondoa mguu kwenye mafuta. Mtetemo ukikata mara moja, unaletwa na nguvu: krosi (viungo vya umbo la msalaba kwenye propela), senta beringi (inayoshika propela katikati), au jointi za ekseli za mbele kwa gari linalovuta miguu yote. Mtetemo ukiendelea wakati gari linaserereka, rudi kwenye matairi, rimu na balansi ya propela. Na kama linatetema pale tu unapoachia klachi kuondoka, kisha linatulia kabisa, kagua klachi kabla ya vingine.

Mwili wako nao ni kipimo. Tairi la mbele hutikisa usukani, polepole. Propela huja kwenye kiti na sakafu, mtetemo wa haraka unaofanana na mvumo. Difu nyingi za pikapu zina uwiano wa karibu 4 kwa 1, kwa hiyo tairi likizunguka mara moja propela imeshazunguka kama mara nne. Ndiyo maana mitetemo hiyo miwili haifanani, na ukishaizoea utaitofautisha kabla hujashuka.

Krosi ndiyo mwizi mkubwa katika mkoa huu wa vumbi. Weka vizuizi kwenye matairi, pandisha gari kwenye stendi na si jeki peke yake, zima injini, weka nyutro. Shika propela kwa mkono mmoja na sikio la difu (pale propela inapofungwa) kwa mwingine, uvizungushe kinyume. Visicheze hata kidogo. Halafu washa tochi utazame pembezoni mwa vikombe vya krosi. Ukiona unga mwekundu kama vumbi la tofali, grisi imekauka na sindano za ndani, zile roli nyembamba za beringi, zimeanza kulika. Ukiifungua utakuta mistari midogo imechongwa kwenye mhimili, na krosi inakwama katikati ikishageuzwa. Hiyo haiponi kwa grisi, ibadilishe. Yenye nipo, yaani tundu la kuingizia grisi, isukumiwe hadi grisi mpya itokee vikombe vyote vinne. Ikitoka vitatu, kazi haijaisha.

Kabla hujashusha propela, piga alama ya rangi kwenye sehemu zinazoungana. Krosi ikifanya kazi kwa pembe, huharakisha na kupunguza mzunguko mara mbili kwa kila duara, na krosi ya pili hufuta kasoro ya ya kwanza iwapo tu masikio ya pande zote mbili yamelingana. Ukirudisha splaini (maungio yenye meno) meno kadhaa pembeni, umeleta mtetemo mpya kwenye gari lenye krosi mpya, na mteja ataamini umemuuzia spea feki. Kile kipande kidogo cha chuma kilichochomelewa kwenye bomba la propela ni uzito wa balansi. Msikibandue mkidhani ni uchafu.

Pembe hizo hizo ndizo zinazoharibiwa na mizigo. Pikapu inayobeba magunia ya mahindi kutoka Kibaigwa huongezewa pleti za springi au kuinuliwa ili isikae chini, na hapo difu inabadili mkao wake. Ukikanyaga mafuta, pua ya difu huinuka zaidi, hasa springi zikiwa zimechoka au yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli zikiwa zimelegea. Kwenye propela ya vipande viwili, mpira wa senta beringi ukipasuka utasikia mtikisiko mzito wakati wa kuondoka na mzigo, kisha unapotea gari likishika kasi. Gari la aina hii ukilijaribu tupu utamwambia mteja halina shida, naye atarudi siku ya pili akiwa na hasira. Lijaribu na mzigo wake.

Wakati wa mvua, gari likitoka kwenye mbuga za udongo mweusi, oshea kwanza ndani ya rimu na juu ya propela. Tope lililoganda upande mmoja linatosha kutetemesha gari zima, na maji ya bomba ni rahisi kuliko krosi.