Wadogo zangu wa fildi (mafunzo kwa vitendo), wekeni chini hiyo ndoo ya pumba

Jana nimemkuta kijana wa fildi akimmiminia ndoo nzima ya pumba mtamba aliyezaa juzi, eti "apandishe maziwa". Nikampokonya. Kila mwaka mnakuja wapya na makosa ni yaleyale, basi someni kabla hamjaniulia ng'ombe.

1. Majani tembo mabichi ni maji. Katika kilo 100 unapata ukavu (chakula kinachobaki maji yakitolewa) kilo 15 hadi 20 tu. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anataka ukavu kama kilo 12 kwa siku. Pigeni hesabu, halafu mtazame vimzigo mnavyoleta kwenye baiskeli.

2. Lita moja ya maziwa inadai lita nne hadi tano za maji. Ndoo isikauke.

3. Pumba na mahindi. Hapa nikae, maana nililipia. Nilipoajiriwa, mama mmoja aliniita: ng'ombe wake alikuwa ametoka kiangazi mbavu nje. Nikamwambia ampe mahindi ya kuparaza, ale ashibe. Alishiba kweli. Asubuhi tukamkuta amelala, kinyesi cha kijivu chenye povu na punje nzimanzima, harufu ya uchachu. Ukimsukuma ubavu wa kushoto, maji yanacheza kama ndani ya dumu. Nami, bwana mifugo wa kujiamini, nikamdunga kalsiamu nikidhani ni homa ya maziwa! Wanga ukiingia kwa pupa unachacha, asidi inapanda, vijidudu vinavyomeng'enya nyasi vinakufa. Swali hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani. Jioni ng'ombe akafa. Yule mama hakunigombeza, alinipa chai. Bora angenitukana.

Anza na nusu kilo ya pumba au mahindi, ongeza taratibu kwa wiki mbili hadi tatu, gawanya asubuhi na jioni, majani yatangulie.

4. Na yule ng'ombe hakuhitaji mahindi kwanza. Nyasi za kiangazi zikipauka, protini ikashuka chini ya asilimia 7, vijidudu vinalegea: ng'ombe anashinda malishoni, tumbo limejaa, na anakonda. Mpe mashudu ya alizeti au pamba. Lusina, mti wa malisho, nayo inafaa, ila isizidi theluthi ya majani. Ina sumu iitwayo mimosini, manyoya yatapukutika mkaanza kutafuta kupe.

5. Jiwe la kulamba (la chumvi na madini) likae pasiponyeshewa, usawa wa mdomo. Mwenzenu wa mwaka jana alilifunga kwenye kenchi, juu kabisa. Kumuuliza, anasema mwongozo umeandika "litundikwe".