Kwa wewe uliyeambiwa ufungue zamu

Mara ya kwanza kufungua zamu katika kriketi, yaani kuwa mmoja wa wapigaji wawili wa kwanza wa timu, nilidumu mipira mitatu. Ule wa tatu ulikuwa unajipitia nje kabisa ya vijiti vitatu nilivyovilinda, hauna ugomvi na mtu, nami nikaufuata na gongo kana kwamba umeniita. Ukagusa ukingo, ukatua mikononi mwa mdakaji wa silipi, yule anayesimama nyuma ya mpigaji, nami nikawa nimetoka. Nilikaa pembeni hadi jioni na padi zangu za kinga miguuni, maana kuzivua kungekuwa kukiri kwamba yameisha.

Tangu siku ile nimefungua zamu ngazi ya klabu kwa miaka kumi na miwili. Timu ya taifa sikufika. Lakini chipukizi huniuliza wafanye nini wakipangwa kufungua, na jibu langu huwakera: jifunze kuuacha mpira upite.

Mpira mpya ni mgumu, unang'aa pande zote, na mshono wake umesimama. Hewani unapinda, ukigonga pichi, ule ukanda unaorushiwa, unakengeuka, na mara nyingine hata aliyeurusha hajui utaelekea wapi. Pichi ina urefu wa mita 20 na kidogo. Mrushaji wa kilomita 140 kwa saa anakuachia kama nusu sekunde ya kuamua. Baada ya ova kumi na tano au ishirini (kila ova ni mipira sita) mpira unalainika, na wapigaji wanaokufuata wanakuta kazi nyepesi. Kwa hiyo wewe umetumwa kuuzeesha.

Halafu kuna faida ambayo watazamaji hawaioni. Mrushaji akiona mipira yake ya nje haiguswi, anachoka kuipoteza. Anaanza kuusogeza mpira kwenye miguu yako, na hapo ndipo unapochuma. Alastair Cook wa Uingereza aliishi kwa mtindo huo. Mapigo aliyoyategemea yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hakuna aliyemsifia kwa madaha, ila alistaafu na mikimbio, yaani pointi za mpigaji, 12,472 katika mechi 161 za Testi, zile za kimataifa za siku tano. Alipiga mikimbio mia katika Testi yake ya kwanza, Nagpur mwaka 2006, dhidi ya India, akapiga mia tena katika ya mwisho, uwanjani The Oval mwaka 2018, dhidi ya India hiyohiyo.

Ili uuache mpira ni lazima ujue kijiti chako cha nje, kile kilicho mbali zaidi na miguu yako, kilipo bila kugeuka kukitazama. Mimi nilijifunza kwa zoezi moja la kuchosha. Mwenzangu alinirushia mipira thelathini, nami nikaruhusiwa kupiga ile tu ambayo ingeangusha vijiti. Nikigusa mmoja wa nje, tunaanza kuhesabu upya. Jioni ya kwanza hatukuvuka kumi. Kilichoniokoa ni kichwa, si mikono: nikaanza kurudisha mguu nyuma na kuuvusha kidogo kabla mpira haujaachiwa, hadi jicho langu likawa juu ya kijiti cha nje. Kinachopita nje ya jicho hakinihusu. Wiki ya tatu nikafikisha thelathini, na mwenzangu akaapa hatarudia kunisaidia.

Najua utanitajia Virender Sehwag wa India, mfunguaji aliyeshambulia tangu mwanzo. Alipiga mikimbio 309 Multan mwaka 2004 na 319 Chennai mwaka 2008, miguu haikuwa na haraka ya kwenda popote, na mpira mpya hakuuonea haya. Sawa. Macho na mikono ile ilikuwa yake. (Nilijaribu kumwiga msimu mmoja. Tusiuzungumzie.)

Sasa sifuri, yaani kutoka bila mkimbio hata mmoja. Utazipata, na utazipata mapema mchana kweupe, wenzako wakiwa bado hawajamaliza chai. Graham Gooch aliichezea Uingereza Testi ya kwanza mwaka 1975 dhidi ya Australia, akatoka na sifuri katika zamu zote mbili. Mwaka 1990, uwanjani Lord's, alipiga 333 dhidi ya India, na zamu ya pili akaongeza 123. Marvan Atapattu wa Sri Lanka alipitia magumu zaidi: katika zamu zake sita za kwanza za Testi alipata sifuri tano na mkimbio mmoja. Alikuja kupiga mia mbili au zaidi mara sita. Mimi baada ya kutoka huandika daftarini namna nilivyotoka, mpira ulitua wapi na mguu wangu ulikuwa wapi. Nilivyojisikia siandiki. Kurasa za mwanzo zinachekesha, zote ni kudakwa nyuma ya vijiti: silipi, mlinda wiketi, silipi, silipi.

Jambo jingine lisilofundishwa ni dakika kumi. Katika mechi ndefu, wapinzani wakimaliza kupiga, una muda huo tu kutoka uwanjani na kurudi ukiwa umevaa kila kitu. Umekimbiza mipira siku nzima, miguu mizito, na warushaji wamepumzika. Panga padi, glavu na helmeti kabla ya kuingia kudaka asubuhi. Kunywa maji. Usikae chini, ukikaa hutaamka.

Mwisho nizungumzie mwenzako wa upande wa pili. Gordon Greenidge na Desmond Haynes waliifungulia West Indies miaka mingi, wakakusanya pamoja mikimbio 6,482 ya Testi. Kennedy Otieno na Deepak Chudasama wa Kenya waliwahi kuwapiga Bangladesh mikimbio 225 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka, yaani kabla mmoja wao hajatoka, jijini Nairobi mwaka 1997, kila mmoja akivuka mia. Huwezi kufika huko na mtu msiyesikilizana. Kabla ya kukimbia kubadilishana ncha za pichi, sisi tulikuwa na maneno matatu tu: ndiyo, hapana, ngoja. Anayeuona mpira ndiye anayeita, na mwingine habishani. Siku tulipobishana, mmoja wetu alikimbilia kifo chake katikati ya pichi, akatolewa, na hatukusemeshana hadi chakula.

Mwenzangu huyo alipenda kupokea mpira wa kwanza, nami nikamwachia miaka yote hiyo bila kuuliza. Msimu uliopita aliumwa. Nikaenda nikasimama upande ule nisioujua, mrushaji akaja mbio, mpira ukatua nje ya kijiti ukiwa unang'aa kama embe lililofutwa. Nikainua gongo juu, ukapita.